Kilo za Guan Lanxi

"Kati yako na kaka Zhenhai, nani anafanya kazi kubwa zaidi: anayerusha au anayerushwa?"

Swali hilo nilimwuliza Guan Lanxi jikoni kwao, mkesha wa Mwaka Mpya, mikono yetu sote ikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Mimi nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na miwili. Ni binti wa baba yangu mkubwa, na tangu nipate akili namwita dada Lan. Mwenzake wa kwenye barafu, Bao Zhenhai, alikuwa amekalia kigoda kilichomezwa chote na mwili wake, akikunja jiaozi, vile vifuko vya unga vya kujaza nyama, zake zikiwa zimepinda kama masikio ya mbwa mgonjwa. Kwao ni Yichun, kwenye misitu, na mazoezi yalikuwa yanaanza tena kesho kutwa, kwa hiyo sikukuu alikula kwetu.

"Hilo nalo ni swali?" akadakia yeye. "Mimi ndiye punda. Huyu ni mzigo."

"Mzigo!" Lanxi akamrushia donge la unga, likamnasa sikioni. "Mzigo gani unatua kwa mguu mmoja, unateleza kinyumenyume, na bado unatabasamu? Hebu jirushe wewe tuone, kabati we!"

Nikasema sitaki jibu la kaka, nataka la dada. Lanxi akanifuta unga puani.

"Ngoja nikue kwanza. Nikikujibu leo nitakuwa najisifu tu."

Nikangoja.

Kabla hajawa mzigo wa mtu yeyote, Lanxi alikuwa mtoto wa mmwaga barafu. Baba mkubwa, Guan Defu, ni mlinzi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu hapa Harbin, na kila mwaka baridi ikishakaza ni kazi yake kuugeuza uwanja wa shule kuwa barafu ya kutelezea. Hamwagi ovyo kama mtu anayenyweshea vitunguu. Anapitisha mpira wa maji tabaka moja jembamba, anangoja ligande, anapitisha la pili, la tatu, hadi yafike ishirini na kitu. Asubuhi anatembea juu yake akigonga kwa kisigino na kusikiliza. Lanxi alianza kumfuata nyuma akiwa na miaka minne, naye akigonga kisigino chake kidogo na kuinamisha kichwa kama daktari. Akisikia mlio mbovu anasema, "Baba, hapa tumbo linauma."

Alipokuwa darasa la pili, Mwalimu Hao Suqin alikuja shuleni kutafuta watoto. Ni mwanamke mfupi mwenye mabega ya mchukuzi, na siku zake za ujana naye alirushwa sana. Watoto walidhani atawachagua wanaoteleza vizuri, wakajionyesha kweli kweli. Yeye hata hakuwatazama. Aliwapanga mstari pembeni mwa uwanja, pale theluji iliyofagiliwa ilipokuwa imerundikwa, akawa anamshika mtoto mmoja mmoja kiunoni na kumtupa kwenye rundo.

Wengine walipiga kelele. Wengine walitapatapa hewani wakitafuta pa kushika. Mmoja alilia akaenda kumshtaki kwa mwalimu wa darasa. Lanxi alipotupwa alizama hadi mabegani, akatoka, akakung'uta theluji kwenye nyusi, akarudi kusimama mbele ya yule mama.

"Umeumia?"

"Hapana. Lakini umenitupa upande."

Mwalimu Hao akamgeukia baba mkubwa aliyekuwa ameegemea ufagio. "Huyu binti ni wako?"

"Ni wangu. Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Namtaka."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Miaka miwili ya kwanza aliteleza peke yake, na alipotimiza kumi akapewa Zhenhai, aliyekuwa na kumi na minne. Zhenhai alikuwa amekataliwa na kila mwalimu wa wachezaji wa peke yao, kwa sababu alirefuka na kupanuka mpaka akawa anaruka kama friji inayoshushwa kwenye lori. Lakini mikono yake ilikuwa na adabu. Akikunyanyua huoni anapokushika wala anapokuachia. Siku ya kwanza alimkuta Lanxi anatafuna mbegu za alizeti, akamwita Mbegu, na jina likakaa.

Mrusho wenyewe ukiutazama kutoka kwenye viti unaonekana mwepesi. Mvulana anamshika msichana kiunoni, wote wawili wakiwa kwenye mwendo wa kasi, anamtupa mbele na juu. Msichana anajikunja hewani, anazunguka mara mbili au tatu, kisha anajifungua na kutua mwenyewe kwa mguu mmoja, kwenye makali membamba kuliko upana wa kidole. Hakuna wa kumdaka. Lanxi aliujifunza kwa kuanguka. Mama yake alimshonea bukta ya pamba ya blanketi kuukuu, nene kama mto, na hata hivyo nyonga zake zilikuwa na rangi zote za mboga: zambarau, kijani, njano. Akianguka aliteleza hadi ukutani, akainuka, na hakuendelea kutokea pale alipoinukia. Alirudi hadi mahali pale pale alipotupwa. "Huku ukutani sikukosea kitu," alisema. "Nilikosea kule."

Mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi kulikuwa na mzani mkubwa wa chuma na ubao mweusi. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, msichana anavua koti, anapanda, Mwalimu Hao anasoma na kuandika kwa chaki. Majina yote ni ya wasichana. Wavulana hawapimwi, wanapita, wanautupia ubao jicho, wanaingia kwenye barafu. Lanxi aliuchukia ubao ule kuliko alivyochukia kuanguka. Alikuwa na hakika umewekwa pale ili wasichana waone haya, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Safarini mzani haubebwi. Kwa hiyo kwenye mashindano ilikuwapo desturi: kabla ya kukanyaga barafu, msichana anamnong'oneza mwenzake uzito wake wa siku hiyo. Na wasichana wote walipunguza, huyu kilo moja, yule mbili. Na wavulana wote waliongeza, kimoyomoyo, bila kufundishwa na mtu. Mwaka wa kwanza Lanxi alinong'ona thelathini akiwa na thelathini na mbili. Zhenhai akaitikia, "Thelathini, sawa," akamrusha kama wa thelathini na mbili, akatua kama paka. Walikwenda hivyo miaka minne na uongo wao haukumvunja mtu. Walishika nafasi ya tisa ya vijana, kisha ya sita, kisha ya nne. Mtaani watu wakaanza kumsalimia baba mkubwa kwa heshima mpya, na muuza soseji nyekundu wa kona akawa anamwekea kipande cha mwisho.

Kisha Lanxi akakua.

Ilitokea kati ya majira ya kuchipua na vuli ya mwaka aliotimiza kumi na tano. Sentimita saba. Suruali zake zikawa zinaonyesha soksi. Kwa msichana mwingine hiyo ni habari njema. Kwa msichana anayenyanyuliwa juu ya kichwa cha mtu kwa mkono mmoja ni msiba unaokuja taratibu. Na kwenye ukumbi ule alikuwapo Peipei, mtoto wa miaka kumi na mmoja, kilo ishirini na tisa na viatu vyake, asiye na mwenzake bado. Mtoto mpole kabisa. Alimpenda Lanxi na alikuwa akimbebea chupa ya maji. Lanxi alikuwa hawezi kumtazama bila kuona kilo ishirini na tisa.

Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu Hao aliwaita wote wawili ofisini. Hakuwaambia wakae.

"Januari, Changchun, ubingwa wa vijana. Mkiingia watatu wa kwanza, mnaitwa kambi ya taifa kama jozi. Msipoingia, Zhenhai namkabidhi Peipei. Sina ubaya na mtu, Lanxi. Ana miaka kumi na tisa, mgongo wake haungoji."

Nje, Zhenhai akamgonga begani. "Usinune, Mbegu. Tutaingia."

"Mimi mzito?"

"Wewe? Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, na wewe ni wangu, kwa hiyo ndiyo, u mzito kidogo." Alikuwa anatania. Lanxi alicheka naye, na jioni ile alirudisha bakuli lake la kabichi na nyama bila kuligusa, akamwambia mama yake amekula ukumbini.

Kipimo cha mwisho nyumbani, siku ya kupanda treni, ubao ulisema arobaini na sita na nusu. Kule Changchun hakula karibu chochote siku sita, na siku ya nne tumbo likamchafuka, lile kidogo alilokula likatoka. Alifaulu kulificha. Walicheza mchezo wa kwanza, mfupi, uzito ukiwa haujashuka kiasi cha Zhenhai kuuhisi, wakawa wa tatu. Siku moja ya kupumzika katikati. Asubuhi ya fainali alivuka barabara hadi duka la dawa lililokuwa na mzani mlangoni, akapanda. Arobaini na tatu na nusu. Alisimama pale hadi muuzaji akamwuliza kama anataka kununua kitu.

Mwalimu Hao haruhusu kurusha asubuhi ya mashindano, kwa hiyo hakuna aliyejua. Jioni, pembeni mwa ukuta wa uwanja, majina yao yakitajwa, Lanxi alisimama kwenye ncha za viatu na kumnong'oneza. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alikuwa na namba asiyoionea haya, na aliisema yote, kamili.

"Arobaini na tatu na nusu."

Zhenhai akatabasamu. Alikuwa na arobaini na sita na nusu ya ubaoni kichwani, na akaona kwamba leo, kwa hofu ya kushindwa, mtoto wa watu amepunguza kilo tatu nzima. Akamhurumia. "Arobaini na tatu na nusu, sawa," akasema, na akaziongeza zote tatu.

Walipofika kwenye mnyanyuo wa kwanza alihisi Lanxi amepanda mwepesi kama shuka. Akadhani ni zile nguvu ambazo mtu huzipata siku kubwa. Mnyanyuo wa pili vilevile. Moyo wake ukafurahi. Kisha wakaingia kwenye mrusho wa mizunguko mitatu, akamrusha kwa nguvu za kilo arobaini na sita na nusu, na furaha juu yake.

Lanxi aliniambia kwamba alijua pale pale alipoachiwa. Mwili wake ulikuwa umezoea kuhesabu: moja, mbili, tatu, barafu. Safari hii ilikuwa moja, mbili, tatu, na barafu haipo. Alikuwa amekwisha kujifungua, mikono imetandazwa, mguu umenyooka, na bado alikuwa juu akipitiliza kuzunguka. Aliposhuka alishukia makali ya ndani ya kiatu badala ya ya nje. Kifundo cha mguu kililia kama kijiti kikavu. Mimi nilikuwa nyumbani mbele ya televisheni, kati ya mama na mama mkubwa, mama yake Lanxi, na naapa tulikisikia.

Kanuni ya jozi ni kwamba mmoja akianguka mwingine anaendelea, mwenzake atamkuta. Zhenhai aliendelea hatua tatu. Kisha akageuka, akarudi, akapiga magoti kwenye barafu katikati ya muziki.

"Endelea," Lanxi akamwambia kwa meno yaliyoumana.

"Kimya, Mbegu."

Lawama zilimwangukia yeye. Zingemwangukia nani? Kila aliyetazama aliona kijana mkubwa amemrusha binti kupita kiasi. Kwenye ukumbi walisema Bao Zhenhai amezidiwa na tamaa ya medali. Hospitalini hapa Harbin mama mkubwa hakumruhusu hata kuuvuka mlango. "Nenda karushe magogo kwenu Yichun! Mwanangu si jiwe la kutupwa mtoni!" Zhenhai alisimama na mfuko wake wa matunda ya pea ya kugandishwa, maji yakimdondoka viatuni, kisha akauweka chini na kuondoka. Lanxi alisikia yote kitandani. Hakusema kitu. Wakati huo nilidhani ni maumivu.

Alinyamaza wiki tano. Kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi. Angesema, ingejulikana alijinyima kula, na mlango wa ukumbi ungefungwa. Asingesema, Zhenhai angempata Peipei, wangeendelea, na pengine hakuna ambaye angeumia zaidi. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Aliyeibomoa hesabu hiyo ni Peipei mwenyewe. Alikuja kumwona, akakaa ukingoni mwa kitanda akining'iniza miguu.

"Dada Lan, mimi nina harufu mbaya?"

"Harufu gani?"

"Kaka Zhenhai hanirushi. Ananishika, tunakwenda mbio, anavuta, halafu ananiweka chini kama yai. Kila siku. Mwalimu amempigia kelele mpaka sauti imekauka. Jana amemwambia basi, mwisho wa mwezi arudi kwao, baba yake amtafutie kazi kwenye karakana ya malori." Akavuta pumzi. "Anaogopa kunivunja, dada. Mimi nimemwona."

Kesho yake asubuhi Lanxi alimwomba baba yake ampeleke ukumbini. Baba mkubwa alimkokota kwenye kile kigari cha mbao cha theluji wanachovutiwa watoto, yeye na magongo yake, binti wa miaka kumi na tano mwenye miguu iliyochomoza mbele, na watu wa mtaani wakacheka na kupisha. Walifika saa kumi na mbili na nusu, wasichana wakiwa wamepanga foleni kwenye mzani na wavulana wakifunga viatu kwenye mabenchi. Zhenhai alikuwa wa mwisho kwenye benchi, hajavaa viatu vya barafu.

"Wewe huna zamu hapa," akasema Mwalimu Hao. "Mguu una plasta ya jasi."

"Naomba kupimwa, Mwalimu."

"Na plasta?"

"Na plasta."

Akampa Peipei magongo, akapanda, akashika ukuta. Mwalimu Hao akasukuma vyuma. Arobaini na nane na nusu. Lanxi akageuza uso kwenye mabenchi.

"Changchun nilikuwa na arobaini na tatu na nusu. Nilikuwa sijala siku sita. Nilimwambia Zhenhai arobaini na tatu na nusu na ilikuwa kweli, lakini miaka yote nilikuwa nimemdanganya, atajuaje kwamba siku hiyo sidanganyi? Hakunirusha vibaya. Alirusha msichana aliyemjua, na mimi nilikuwa nimemwacha huyo nyumbani."

Msichana mmoja kwenye foleni alianza kulia, kwa sababu zake mwenyewe. Mwalimu Hao aliiweka chaki chini.

"Huu ubao," akasema taratibu, "mnadhani ni wa nini?"

"Wa kutuaibisha," akajibu Peipei, mtoto asiyejua kufunga mdomo.

"Ni wa hawa!" Akawanyooshea wavulana kidole. "Hawa ndio wanaousoma! Ninyi nawajua kwa macho, sihitaji chaki. Wao ndio wanaotakiwa kujua wanabeba nini." Kisha sauti ikashuka. "Ningewaeleza. Nilidhani mnajua. Na ule mnong'ono wa mashindano, najua mnapunguza. Mimi nilipunguza kilo mbili miaka tisa, na sikuvunjika, nikaona ni mchezo wa watoto. Kosa hilo ni langu, si la Zhenhai wala lako peke yako."

Zhenhai alikuwa amesimama. Lanxi alitegemea atakuja kumshika mkono, au kulia, chochote. Lakini yeye alikuwa amekasirika kuliko Lanxi alivyopata kumwona.

"Mara moja!" akasema. "Katika miaka mitano umeniambia ukweli mara moja, na ukachagua siku hiyo!"

"Nisamehe, kaka."

"Mama yako aliniita mtupa mawe na wewe umelala pale unasikiliza!"

"Nilisikia. Nisamehe."

"Sikurushi tena. Hata ukiwa unyoya." Akatoka nje, koti mkononi, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.

Lakini hakupanda treni ya Yichun. Mwalimu Hao alimwambia akae hadi Novemba, aendelee kuwanyanyua wasichana tu, bila kurusha. Na akampa Lanxi sharti lake: mguu ukipona, tarehe mosi Novemba, mrusho mmoja mbele yake. Ukishindikana, Zhenhai atakwenda kwenye malori na Lanxi atarudi kwenye vitabu, na hakuna kulialia.

Plasta ikatoka. Mama mkubwa aliacha kumwamini kwa maneno. Akawa anakaa mezani hadi bakuli liwe tupu, na baba mkubwa akawa anakaa kumlinda mama mkubwa asizidishe. Lanxi akafika kilo arobaini na tisa, na robo. Kila asubuhi alipanda mzani wa kwanza, akamwomba Mwalimu Hao chaki, akaandika mwenyewe, tarakimu kubwa kama za bei za samaki sokoni. Zhenhai akapita, akasoma, akaingia kwenye barafu. Miezi minane hivyo. Alimnyanyua Lanxi, wakazunguka, wakifika mahali pa mrusho aliachia kiuno chake na kupita pembeni, kama mtu anayeepuka shimo analolijua.

Wiki moja kabla ya Novemba Zhenhai alisimama mbele ya ubao.

"Robo hii ni ya nini?" akauliza.

"Ni pea mbili za jana usiku."

"Ungeweza kuiacha."

"Ningeweza."

Akakuna kichwa. "Mama yako bado ananichukia?"

"Ameniambia nikuulize unakula jiaozi ngapi, ajue za kupika Jumapili."

"Hamsini."

"Kabati," akasema Lanxi, na Zhenhai akacheka kwa mara ya kwanza tangu Changchun, kicheko kidogo, cha puani.

Tarehe mosi Novemba ukumbi ulikuwa na watu wasiokuwa na shughuli pale. Baba mkubwa alikuwapo, akigonga barafu ya watu kwa kisigino na kuinung'unikia. Lanxi alimwendea Zhenhai, akasimama kwenye ncha za viatu, ingawa sasa hakuhitaji kujinyoosha sana.

"Arobaini na tisa na robo."

"Arobaini na tisa na robo, sawa."

"Unaongeza ngapi?"

Zhenhai alimtazama. Lanxi akaichukua mikono yake, akaiweka kiunoni mwake mwenyewe. "Siongezi," akasema Zhenhai.

Walipata mwendo. Waliufikia mstari wa buluu, mahali pa mrusho, na kila mtu aliona mabega ya Zhenhai yakijikunja kama ya mtu anayetaka kupita pembeni tena. Lanxi hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Robo, kaka," na Zhenhai akamrusha.

Haukuwa mrusho mkubwa. Mizunguko miwili, chini kidogo. Lakini mbili zilipokwisha barafu ilikuwa mahali pake. Akatua kwa mguu ule ule uliovunjika, akateleza kinyumenyume, na mstari mweupe mrefu ukabaki nyuma yake. Mwalimu Hao alipiga kofi moja, kama anayeua mbu.

"Tena," akasema.

Januari iliyofuata walikuwa wa tano. Kambi ya taifa haikuwaita, na wala Peipei hakumchukua Zhenhai, maana kufikia hapo Peipei naye alikuwa ameanza kurefuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitangaza hilo kwa fahari mbele ya ubao. Mizunguko mitatu ilirudi mwaka uliofuata. Wakaitwa. Wakiwa wakubwa walishika nafasi ya tatu ya taifa mara moja, na mara moja walivuka mpaka kwenda kushindana Japani, ambako Zhenhai alipoteza pasipoti kwenye bakuli la tambi. Lanxi alikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa jozi, mzito kuliko wote, na waamuzi walilazimika kuinua shingo kumfuata alipokwenda. Mgongo wa Zhenhai uligoma alipokuwa na miaka ishirini na minne. Wakaacha siku moja, pamoja.

Sasa nina miaka kumi na sita, na nilipoambiwa shuleni niandike habari za mtu ninayemjua, sikuhitaji kufikiri. Nilikwenda ukumbini asubuhi. Dada Lan ana ishirini na mmoja, anamsaidia Mwalimu Hao, na nilimkuta anafunga kamba za kiatu cha msichana mdogo aliyekuwa ametoka kupimwa na anatazama chini kwa haya. Nikamkumbusha swali langu la jikoni. Alilikumbuka.

"Anayerushwa," akasema, bila kuinua kichwa kwenye zile kamba. "Zhenhai alikuwa na nguvu za kurusha hata ng'ombe, hilo halikuwa tatizo. Lakini anayerusha anarusha kile alichoambiwa. Ilibidi mimi nimwambie. Na nakuambia ukweli, mdogo wangu, mizunguko mitatu niliijua kwa miaka miwili. Hilo lilinichukua mitano, na mguu."